Kerezo la mguu, la mezani au la kuchomelewa: familia ya Tanga ichague lipi?

Familia ikishakubaliana kuanza kukereza miti, yaani kuuzungusha mti kwenye mashine huku patasi ikiuchonga, mabishano ya kwanza huwa ni mashine. Hapa Tanga njia za kweli ziko tatu. Lipo kerezo la mguu, linalojengwa nyumbani kwa mbao na mpira wa tyubu ya gari. Lipo kerezo dogo la umeme la kuweka mezani, linaloagizwa kutoka nje. Na lipo kerezo kubwa linalochomelewa na fundi wa mtaani na kufungwa mota iliyotumika. Yote matatu yanatoa kazi safi ya kuuzika. Yote matatu pia unaweza kuyakuta yamefunikwa turubai uani, hayajaguswa tangu mwaka jana, na ukichunguza utaona lilinunuliwa kerezo la mtu mmoja kwa matumizi ya watu watano.

Mambo ya kupimia

Anzeni na watu. Andikeni majina ya watakaosimama mbele ya kerezo: babu mwenye goti bovu, mama anayefunga duka magharibi, kijana wa kidato cha pili, mdogo wake wa darasa la tatu. Kila kerezo lina umri wake wa chini, na yote yana kanuni moja ya kimo: ncha inayoshika mti iwe usawa wa kiwiko cha anayekereza. Likiwa chini ya hapo mgongo utauma ndani ya nusu saa. Likiwa juu mabega yatapanda na patasi itakosa utulivu. Kama limefungwa kwa kiwiko cha baba, mtoto apewe jukwaa la mbao pana kiasi cha kuachanisha miguu. Kreti ya soda si jukwaa.

La pili ni kitakachotoka. Vitu virefu na vyembamba, kama kisukumio cha chapati, mguu wa stuli, mpini wa tupa au mchi, hushikwa kati ya ncha mbili na havidai mashine kubwa. Bakuli, sahani na kinu kidogo cha vitunguu saumu hushikwa upande mmoja tu, na hapo ndipo uzito wa mashine na ubora wa beringi hujulikana. Pia ya kuchezea inatoka kwenye kerezo lolote, na kwa mtoto ndiyo kazi bora ya kwanza, maana inaisha siku ileile na inachezwa jioni.

La tatu ni mahali na umeme: mna ua au mna varanda tu, jirani yuko ukuta wa pili au mbali, na umeme wenu jioni unakuwaje.

La nne ni kasi. Kipimo ambacho wakerezaji wengi hukifuata ni hiki: chukua kipenyo cha mti kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa stuli wa inchi 3 unakubali mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 8 linataka 750 hadi 1,125, na likiwa bado gogo lenye pembe, shukeni chini zaidi ya hapo. Anayejifunza abaki upande wa chini wa kipimo kwa miezi ya mwanzo.

La tano, na ndilo linalosahaulika: likiharibika, nani atalitengeneza, na kifaa kitapatikana wapi?

Gharama inayojificha: patasi na kunoa

Kwa makerezo mawili ya umeme, gawanyeni bajeti hivi: kati ya kila shilingi kumi, tano ziende kwenye mashine, tatu kwenye patasi na jiwe la kunolea, mbili kwenye kinga na vishikio. Mkimaliza pesa zote kwenye mashine mtabaki na chuma kizuri na patasi za seremala, ambazo ni fupi mno kwa kazi hii na mpini wake hauna urefu wa kuzuia mti unapoivuta.

Za kuanzia ni nne. Ya kwanza ni patasi pana ya kuparia, yenye mfuo kama nusu bomba, ya kugeuza gogo la pembe kuwa duara. Ya pili ni patasi nyembamba ya mfuo, milimita 10, ya mabonde na shingo. Ya tatu ni patasi ya mshazari ya milimita 20, na ya nne ni ya kukatia, milimita 3. Makali ya ile ya kuparia yanolewe kwa nyuzi 45 hivi. Ya mshazari 35 hadi 40 kwa pande zote mbili kwa pamoja. Anayetaka bakuli aongeze patasi ya bakuli, ambayo shina lake ni la duara na nene, pamoja na kikwangua cha nyuzi 70 hadi 80. Ile ya kuparia isiingie ndani ya bakuli hata siku moja. Shina lake huwa jembamba pale linapozama kwenye mpini, na mti ukiinasa huvunjika hapohapo.

Mhunzi anaweza kuwafulia patasi nzuri kutoka kwenye springi za gari. Kasoro yake moja ni kwamba zinapooza zikipata moto: ncha ikigeuka bluu kwenye jiwe la umeme, ugumu umeondoka, na itabidi kusaga hadi kupita sehemu yote ya bluu. Chovyeni kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Patasi za dukani zenye herufi HSS hazisumbuliwi na bluu hiyo. Tupa kuukuu zilizonolewa kuwa patasi ziacheni kabisa. Tupa ni ngumu lakini haina unyumbufu. Ikinaswa hupasuka vipande, na vipande huelekea usoni.

Kunoa kunajifunzwa kwa kalamu ya wino mzito. Pakeni wino kwenye bapa la makali, gusisheni jiwe kidogo, angalieni wino umeondoka wapi. Ukiondoka kisigino tu, nyanyueni mpini. Ukiondoka ncha tu, ushusheni. Wino wote ukifutika kwa pamoja, pembe imekaa. Patasi kali hutoa nyuzi ndefu zinazojikunja juu ya mkono; butu hutoa unga, na mkerezaji huanza kusukuma. Ajali nyingi za kunasa huanzia kwenye kusukuma huko. Kwa msaji mkavu wa Longuza, ambao una chembechembe kama mchanga ndani yake, robo saa ya kazi inatosha kulaza makali.

Kerezo la mguu

*Linavyojengwa.* Mbao mbili za 2×6, futi tano kila moja, zinalazwa sambamba kwa upenyo wa inchi 2 juu ya miguu iliyotanuka. Hicho ndicho kitanda. Vichwa viwili vya mti mgumu vya 4×4 vinachongwa ulimi wa kuingia kwenye upenyo, kisha kila kimoja kinabanwa kwa chini na kabari. Kila kichwa kinabeba bolti ya milimita 12 iliyochongwa ncha ya nyuzi 60 hivi. Moja iwe na nati ili iweze kukazwa mti unapoingia. Chini kuna ubao wa kukanyagia. Kamba inapanda kutoka kwenye ubao huo, inauzunguka mti mara mbili, na kuishia kwenye ukanda wa mpira wa tyubu ya gari uliofungwa kati ya nguzo mbili juu ya kichwa. Hakikisheni kamba inashuka upande aliosimama mkerezaji. Ikishuka upande wa nyuma, mti utazunguka kwenda juu na patasi itateleza bila kukata. Kuhusu kamba yenyewe, katani tunayo tele mkoani, lakini inalika upesi kwa msuguano. Nailoni iliyosukwa ya milimita 6 inadumu zaidi.

*Kinachotoka.* Mti unazunguka kuja kwako ukikanyaga, na unarudi ukiachia. Patasi inakata nusu ya wakati tu. Mkanyago wa sentimita 40 kwenye mti wa kipenyo cha sentimita 5 unatoa mizunguko miwili na nusu. Hiyo inatosha kabisa kwa mti mbichi, ambao ndio chakula cha kerezo hili: tawi la mchungwa la Muheza, mwembe uliopogolewa, mfenesi. Mti mkavu mgumu unachosha tu. Tarajieni visukumio, michi, miguu ya stuli, mipini na pia za kuchezea, hadi kipenyo cha sentimita 10. Bakuli linawezekana kwa kifaa cha ziada, lakini ni jasho jingi kwa anayeanza.

*Watoto na usalama.* Hapa ndipo linapowashinda wenzake. Mguu ukiinuka, mti unasimama. Halina vumbi la kwenda mapafuni, kwa sababu mbichi hutoa nyuzi zenye unyevu, na mzee anaweza kusimulia huku kazi ikiendelea bila kupaza sauti. Mtoto wa miaka minane, akiwa na mtu mzima ubavuni, anaweza kushika patasi. Kosa la wote wanaoanza ni kuiacha patasi imegusa mti wakati unarudi. Inalaza makali na kukwaruza kazi. Mwambieni aivute nyuma unene wa ukucha kila anapoachia mguu.

*Gharama ya kuendesha.* Mpira, kamba na mafuta ya kupaka kwenye ncha. Hakuna LUKU.

*Kinachoharibika.* Ncha zikikauka hupiga mlio na kuunguza tundu la mti, kisha mti huanza kucheza. Grisi kidogo kila mti mpya inatosha. Tyubu ikianikwa juani hukatika ndani ya msimu. Kabari hulegea upepo wa kaskazi ukikausha mbao, zigongeni tena. Kosa la mti ni lilelile kila mara: gogo dogo limekerezwa na kiini chake katikati, na wiki moja baadaye lina ufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pasueni gogo kwanza kwa shoka, mkereze robo isiyo na kiini.

*Linamfaa nani.* Nyumba ya kupanga, kwa kuwa linavunjwa na kubebwa. Familia yenye watoto wadogo wengi. Shamba lisilo na umeme. Halimfai mwenye nyonga au goti bovu, wala mwenye oda ya miguu arobaini ya viti ya kutoa mwisho wa mwezi.

Kerezo dogo la umeme la mezani

*Linavyopatikana.* Mara nyingi linatoka Kariakoo au linaagizwa. Ukubwa wa kawaida hubeba kipenyo cha inchi 10 na urefu wa inchi 18 kati ya ncha mbili, kwa mota ya nusu farasi au zaidi kidogo ya fezi moja. Kabla ya kulipa angalieni mambo matatu. Tundu la kichwa (upande wa mota) na la mkia (upande wa pili) yawe na mteremko wa namba 2, MT2, ndipo ncha za kubadilisha zipatikane kirahisi. Uzi wa shafti uwe wa kawaida, inchi 1 yenye meno 8 kwa inchi, au M33. Uzi wa ajabuajabu utawafungia chaki yake (kishikio cha taya kinachobana mti) peke yake maisha yote. Na swichi ikate yenyewe umeme ukikatika. Hili la mwisho si la anasa kwetu: umeme unakatika, mtu anaondoka kunywa chai bila kuzima, unarudi, mashine inaanza kuzunguka yenyewe na mtoto yuko karibu.

Baina ya la kubadilisha kasi kwa mkanda na puli na lile la kitufe cha kielektroniki, kwa Tanga tunapendelea la mkanda. Kubadilisha mkanda kunachukua dakika moja. Kadi ya kielektroniki ikipigwa na umeme unaopanda na kushuka inakufa, na kuipata nyingine ni kuagiza upya. Mkilichukua la kitufe, liwe nyuma ya stebilaiza.

*Kinachotoka.* Karibu kila kitu cha jikoni: bakuli la inchi 8, kinu cha saumu, vinara, vifuniko, visukumio. Hapa mti mkavu unakubalika na msasa unafanya kazi yake. Urefu ndio mpaka wake: mguu wa kitanda cha samadari hauingii kwenye inchi 18.

*Watoto na usalama.* Kuanzia miaka kumi na miwili hivi, mtu mzima akiwa karibu na swichi. Kinga ya uso mzima ni lazima. Miwani peke yake haizuii kipande cha bakuli. Glavu hapana, maana mti ukiidaka huondoka na kidole. Mtandio ufungwe nyuma na kuchomekwa ndani ya nguo, kanzu na kanga ziachwe ndani, mikono ya shati ikunjwe hadi juu ya kiwiko, pete ivuliwe. Kila mti mpya uzungushwe kwanza kwa mkono mzunguko mzima kuona haugusi egemeo la patasi, kisha mtu asimame pembeni, nje ya mstari wa mti, ndipo awashe. Wakati wa msasa egemeo linaondolewa kabisa. Vidole vikiingia kati yake na mti havitoki vizima.

*Gharama ya kuendesha.* Mota ya nusu farasi hula kama nusu uniti kwa saa. Kwa familia iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, saa mbili za kila siku ni uniti 30 hivi. Hesabuni na friji ndipo mwamue.

*Kinachoharibika.* Kutu, kwanza kabisa. Nyumba za Raskazone na Sahare hupata chumvi ya bahari, na kitanda cha chuma kilichoachwa bila mafuta kinaota kutu usiku mmoja wa masika. Kipanguseni kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine kila mkimaliza. Kingine ni wepesi: gogo lisilo na mizani hulifanya litembee mezani. Lifungeni kwa bolti kwenye meza nzito, na viroba viwili vya mchanga vilale kwenye rafu ya chini.

*Linamfaa nani.* Mwenye varanda au chumba kidogo, familia ya watu wawili watatu wanaopokezana, anayetaka kuanza wiki hii bila kusubiri fundi. Kelele zake ni za wastani. Jirani atavumilia hadi saa mbili usiku.

Kerezo la kuchomelewa

*Linavyojengwa.* Fundi anaunganisha chaneli mbili za chuma za inchi 4 kuwa kitanda cha mita moja na nusu. Shafti ya milimita 25 inakaa ndani ya beringi mbili zenye nyumba yake, namba UCP205, na ikiwa mnalenga mabakuli makubwa pandisheni hadi milimita 30 kwa UCP206. Mota ni ya farasi moja, fezi moja, ya mizunguko 1,400 hivi, pamoja na puli za ngazi tatu na mkanda wa V. Puli ya inchi 2 kwenye mota ikivuta ya inchi 6 kwenye shafti, mnapata mizunguko 470 hivi, zikilingana, 1,400, na ya inchi 4 kwenye mota ikivuta ya inchi 2, mnakaribia 2,800.

Uharibifu mwingi wa kerezo hili hutokea siku linapozaliwa. Kosa la kwanza ni mota ya pampu ya maji, yenye mizunguko 2,800, kufungwa moja kwa moja kwenye shafti kwa sababu ilikuwepo. Rudini kwenye kipimo: inchi 8 mara 2,800 ni 22,400, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Bakuli hilo litaruka. Kosa la pili ni moto wa kuchomelea kupinda chaneli. Fundi achome vipande vifupi kwa kupokezana pande, asubiri chuma kipoe, asikimbize mstari mzima kwa mara moja. Kosa la tatu ni ncha mbili kutokutana. Siku ya kupokea kazi, sogezeni mkia hadi ncha yake ikaribie ya kichwa na kubaki nafasi ya karatasi moja. Zikipishana hata kwa milimita mbili, msilipe kilichobaki hadi zirekebishwe. Uzi wa shafti ukatwe kwenye karakana ya kukereza vyuma, usiachiwe mtu wa grainda.

*Kinachotoka.* Miguu ya vitanda na meza, nguzo za ngazi, mabakuli ya inchi 14, vinu. Ni kerezo la kazi ya oda.

*Watoto na usalama.* Tungesema miaka kumi na sita, na hata hapo baada ya mwaka kwenye kerezo dogo. Mkanda na puli viwe ndani ya boksi la bati, kila upande. Mafundi huliacha boksi hilo wakisema linasumbua kubadilisha kasi. Wekeni mlango wa bawaba na usumbufu umekwisha. Waya wa ardhi ufungwe kwenye kitanda chenyewe. Mashine ya chuma juu ya sakafu yenye unyevu bila waya huo ni hatari kuliko patasi yoyote.

*Gharama ya kuendesha.* Uniti moja hivi kwa saa. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita za mraba 2.5, mwembamba na mrefu hushusha nguvu, mota inanguruma bila kuanza, na kapasita inaungua. Jioni umeme ukiwa mdogo tatizo hilo linazidi, basi kazi nzito ifanyike asubuhi.

*Kinachoharibika.* Mkanda, kapasita, beringi, kwa mpangilio huo. Uzuri wake ni kwamba vyote vinapatikana madukani Ngamiani, na fundi aliyelijenga yuko mtaa wa pili.

*Linamfaa nani.* Familia yenye ua wa sakafu ya zege, mwenye ujuzi mmoja ndani yake, na soko la samani linalojulikana. Kelele na mtikisiko wake haviwafai wanaoshirikiana ukuta na jirani.

Mti nao una sauti yake

Kabla ya kuchagua kerezo, tazameni mti unaopatikana bila kuhangaika. Matawi ya bustani na miti ya matunda iliyokatwa yanalisha kerezo la mguu na la mezani bila gharama. Mchungwa mkongwe una nyuzi laini na unapendeza kwa pia na mipini. Mwembe unakerezeka kirahisi lakini usipopakwa nta kwenye ncha siku ya kukatwa unapata madoa ya ukungu. Utomvu wa mwembe na wa mkorosho huwasha ngozi ya baadhi ya watu, basi jaribuni kipande kidogo kwanza kwa kila mwanafamilia. Mabaki ya msaji na mninga kutoka kwa maseremala yanafaa makerezo ya umeme. Mvule ni mzuri machoni lakini vumbi lake linasumbua pumzi na ngozi; barakoa ya vumbi, na mwenye pumu asikae karibu.

Mpingo ndio ndoto ya wengi. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, unashika uzi wa skrubu kama shaba, na unang'aa bila rangi. Usiwe mti wa kujifunzia. Ununueni wenye risiti na hati ya usafirishaji ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa kuwa mazao ya msitu yakikamatwa bila karatasi hakuna hoja ya "ni kipande kidogo tu". Mikoko nayo iacheni ufukweni. Kuikata bila kibali ni kosa.

Mapaleti ya bandarini ni mbao za bure au za bei nafuu, lakini someni muhuri wake. HT ina maana ilitibiwa kwa joto. MB ina maana ilipigwa dawa, na hiyo isitoke kuwa kitu cha jikoni.

Bakuli la mti mbichi kwenye kerezo la umeme linakerezwa mara mbili. Mara ya kwanza acheni ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita mbili kwa bakuli la sentimita 20. Lipakeni nta au gundi nyeupe pande zinazoonyesha ncha za nyuzi, lifungeni kwenye mfuko wa karatasi, lipumzike kivulini miezi kadhaa. Litapinda kuwa la yai. Mara ya pili ndipo linarudishwa duara na kumalizwa. Kwa kumalizia vyombo vya chakula, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi kidogo inatosha. Mafuta ya nazi peke yake hayakauki, yanabaki yakinata na kudaka vumbi yakipakwa mazito. Mkitumia mafuta ya linsidi, matambara yake yaanikwe yakiwa yametandazwa nje. Yakikunjwa na kutupwa kwenye kona yanaweza kujiwasha moto yenyewe.

Kwa hali yenu

Mkiwa na watoto chini ya miaka kumi na lengo ni kukaa pamoja Jumamosi, jengeni la mguu kwanza. Wikendi mbili zinatosha kulisimamisha, na hata mkinunua la umeme baadaye, mikono itakuwa imeshajua patasi inapokata na inapokwaruza.

Mkiwa mnapanga nyumba Makorora au Mabawa, mna chumba kimoja cha ziada na vijana wa sekondari, la mezani lina nafuu. Chaki ya taya nne inaweza kusubiri mwezi wa pili. Anzeni na ncha mbili na bamba la uso linalofungwa kwa skrubu.

Mkiwa na seremala ndani ya ukoo na watu wanaulizia miguu ya vitanda, chomelesheni. Kabla ya hapo mpeleke kijana VETA au akae karakana ya mjomba miezi mitatu, kisha achore mwenyewe vipimo vya kitanda na puli na kumkabidhi fundi.

Fedha zikiwa za kerezo moja tu na watu wanatofautiana, kuna njia ya katikati inayofanya kazi: la mguu kwa wadogo, linalogharimu mbao na bolti, na patasi nzuri za HSS zilizochaguliwa mapema kwa ajili ya la umeme litakalofuata. Patasi hizo zinahama na nyinyi kutoka mashine hadi mashine.

Na kama babu ndiye mwalimu lakini goti limekataa, la mezani lifungwe kwenye meza ya chini kidogo, usawa wa kiwiko cha mtu aliyekaa kwenye stuli ndefu, swichi ihamishiwe upande wa mkono wake wa kushoto, na wajukuu wasimame kulia kwake, upande wa mkia, nje ya mstari wa mti, ambako vipande haviruki kirahisi.